Darasa la Watoto wa Walimu

Mwaka ule wakubwa waliamua kwamba shule ya msingi iishie darasa la sita. Darasa la saba na la nane yakafutwa, na kazi ya mama yangu ikafutwa pamoja nayo. Tangu kabla sijazaliwa Mama alikuwa akiwafundisha wasichana wa madarasa hayo mawili kushona, kupika na kuogesha mtoto mchanga. Mtoto mwenyewe alikuwa mwanasesere wa kitambaa asiye na pua. Mama alimwogesha miaka yote hiyo, na mwanasesere hakuwahi kulia wala kumkojolea. Nadhani ndiyo maana walielewana.

Sasa walimu wa kushona na wa kilimo wakaambiwa waende semina ya likizo, wajifunze kufundisha darasa la kwanza. Mwishoni kila mmoja angefundisha somo moja mbele ya inspekta. Atakayefaulu, Septemba anapewa darasa. Atakayeshindwa, anabaki nyumbani.

Mama abaki nyumbani. Hebu fikiria. Baba ni dereva wa lori, na tangu barabara ya kaskazini ifungwe kwa vita, anazungukia mpaka wa Rusumo, njia ya mbali zaidi. Anatuonjesha sura yake kidogo kisha anaondoka tena. Kwa hiyo Mama akikosa darasa, watakaofundishwa ni mimi na mdogo wangu, kutwa kucha. Nilimwambia hivyo. Hakucheka. Mama huvisikiliza vichekesho vyangu mpaka mwisho, kama mtu aliyejikinga barazani akisubiri mvua ipite, halafu husema, "Umemaliza? Kachote maji."

Lakini jioni moja nilimkuta amesimama mbele ya kioo cha kabati, anajaribu wimbo wa kuhesabu kwa vidole. Aliuimba kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Alipofika kidole cha tatu akaacha, akaitazama mikono yake, akaishusha. Nilirudi nyuma taratibu bila kusema neno, jambo ambalo wanaonifahamu hawataliamini.

Inspekta alitaka somo litolewe kwa watoto wa kweli, ila shule zilikuwa zimefungwa. Akaagiza kila mwalimu aje na mtoto wake mmoja wa miaka sita au saba. Mama alikuwa naye mmoja wa umri huo, mdogo wangu, na akamfundisha mezani wiki nzima, vizibo vya chupa vimepangwa mbele yake. Tatu ukiongeza mbili? Tano. Nne ukiongeza moja? Tano. Mtoto alifika mahali akawa anajibu "tano" hata ukimuuliza kama ameshiba.

Jumapili akaamka na matubwitubwi, mashavu yamemvimba kama ya tajiri. Jirani yetu alikuwa na mtoto wa umri huo, lakini siku hizo mzazi hampi mtu mtoto wake avuke naye bariyeri, vile vizuizi vya askari barabarani. Mama alikaa kitandani kwa mdogo wangu, akampaka mafuta ya moto shingoni, kisha akageuka akanitazama mimi.

"Utakuja wewe."

"Mimi? Mama, nina miaka kumi na tano."

"Akili ni ya miaka saba. Kanawe miguu."

Jumatatu tukatoka kwetu Gikondo kwa miguu kwenda Niboye, kwenye shule ya semina, vumbi la Julai limetupaka hadi kwenye kope. Begi nilibeba mimi. Ndani mlikuwa na vizibo nilivyookota nyuma ya baa moja karibu na gereji, kwa hiyo karibu vyote vilikuwa vya bia. Kwenye bariyeri askari alikifungua kile kibegi, akaingiza mkono, vikalia kama mvua ya mawe. Akamtazama Mama, mtandio wake umefungwa barabara mpaka chini ya kidevu.

"Mama, hii yote iko ya nini?"

"Ya hesabu."

"Hesabu ya bia?"

"Ya darasa la kwanza."

Askari akanitazama mimi kuanzia viatu hadi nywele, safari ndefu. "Na huyu?"

"Ndiye darasa la kwanza."

Akamwita mwenzake aje anione. Walicheka, wakakisoma kitambulisho cha Mama, wakamrudishia. Akakisukuma hadi chini kabisa ya pochi, akaharakisha hatua.

Darasa lile nitalikumbuka. Hakuna watoto wagumu kama watoto wa walimu. Walikuwa wamepakwa mafuta usoni wakang'aa, soksi zimevutwa hadi magotini, mikono imekunjwa juu ya dawati kama wanangoja kuhukumu mtu. Mimi nilipewa benchi la mbele. Magoti yalikataa kuingia chini ya dawati, nikayaweka pembeni, upande wa njia. Jirani yangu alikuwa binti asiye na meno mawili ya mbele. Alinichunguza kwa muda.

"Umerudia darasa mara ngapi?"

"Mara nane."

"Pole," alisema, na akanisogezea nafasi.

Nyuma walikaa walimu wenyewe, na inspekta kwenye kiti chenye mgongo, kalamu mkononi. Wa kwanza kufundisha alikuwa madamu mmoja kutoka Kabeza. Alichora mbuzi mzuri sana ubaoni, akauliza mbuzi ana miguu mingapi. Mkono mmoja tu ukapanda. Akauliza mbuzi wawili. Mkono uleule. Alikuwa mwanawe. Wengine walimtazama mbuzi kana kwamba hawajawahi kukutana na mnyama wa aina hiyo.

Akafuata mwalimu wa kilimo. Alikuwa bado anafuta ubao, amewapa watoto mgongo, binti yake akasimama. "Jibu ni nane, Papa."

Ndipo nikaelewa. Kila mtoto alikuwa amefundishwa nyumbani majibu ya somo la mzazi wake, na ameambiwa, mimi nikifundisha wewe jibu, wengine wakifundisha wewe kaa kimya na adabu. Walikuwa wanatii. Inspekta naye alielewa. Aliweka kalamu chini, akasema kuanzia hapo hakuna mwalimu kumuuliza mtoto wake mwenyewe. Huko nyuma viti vikalia. Mama, aliyekuwa anafuata, akanitazama, na mimi nikatazama magoti yangu.

Mama akaenda mbele. Alimwaga vizibo mezani, akavipanga kwa mstari ulionyooka kama pindo la gauni. Aliimba wimbo wa vidole, akafika kidole cha tano safari hii. Hakuna aliyeitikia. Akachukua vizibo vitatu, akaviweka upande mmoja, viwili upande mwingine.

"Nani ataniambia vyote pamoja ni vingapi?"

Kimya. Watoto wote walijua. Wengine nadhani walijua na kugawanya. Walikuwa wanageuka kuwatazama wazazi wao, na wazazi walikuwa wanatazama dari.

Mama akauliza tena, sauti imeshuka. Akajibu mwenyewe, akapanga vizibo vingine, akauliza tena. Kimya kilekile. Niliona jasho juu ya mdomo wake. Niliona vidole vikinyoosha mstari ambao tayari ulikuwa umenyooka. Inspekta akaandika kitu, na kalamu ikasikika darasa zima.

Nikasimama. Benchi lilitaka kusimama nami.

"Madamu, mimi najua. Ni saba."

Mama alinipa lile jicho. "Sijakuuliza."

"Basi tisa."

"Si tisa," jirani yangu akasema, kwa huruma.

"Ni tisa. Nimehesabu kwa macho."

"Huwezi kuhesabu kwa macho."

Nikaenda mezani, nikaanza kuhesabu kwa kidole. Kizibo kimoja nilikihesabu mara mbili, kingine nikakiruka, nikafika tisa nikawatazama kwa majivuno. Kitoto kimoja cha nyuma hakikuvumilia. Kilitoka kwenye benchi kikaja. "Umerudia hiki." Mwingine akaja kuona kama kweli nimekirudia. Punde darasa zima lilikuwa mezani likinifundisha, na binti asiye na meno amenishika kidole cha shahada anakipitisha kwenye kizibo kimoja kimoja, anapumua kwa nguvu, kama mtu anayemvusha mzee barabara.

Mama alikuwa amesimama tu. Kisha akasema, taratibu, "Mwacheni ajaribu mwenyewe." Akaniwekea mkono kichwani. Tangu nimpite urefu hakuwa amenishika kichwa. Ilibidi nipinde magoti kidogo ili afike. Nikahesabu. Nilipotaja tano, watoto wakapiga makofi. Wengine walionekana wamefarijika kweli.

"Huyu mrefu ni wa nani?" inspekta akauliza.

Angeweza kusema ni wa jirani.

"Wangu."

"Nilisema msiwaulize watoto wenu."

"Sikumuuliza, inspekta. Huyu haulizwi, anaongea."

Walimu wakacheka. Inspekta hakucheka. Alisema, bila ubaya, kwamba somo lile lilifundishwa na kijana, na yeye hakuja kumpa darasa kijana. Mama angerudia kesho. Mimi nibaki nje.

Njiani alitangulia, nami nyuma na begi. Kwenye njia panda ya Kicukiro nikamkaribia.

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua." Akatembea kidogo. "Ulijuaje kwamba wataamka?"

"Nani?"

"Wale watoto. Walikuwa kama mawe. Ukakosea, wakaamka."

"Mama, hakuna mtoto asiyependa kumwona mkubwa akikosea. Shuleni kwetu mwalimu wa hisabati akikosea ubaoni, hata waliolala wanaamshwa waje waone."

"Mimi sijawahi kukosea mbele ya wanafunzi."

"Ndiyo tatizo lenyewe."

Akasimama. Nilijitayarisha kukwepa. Lakini aliuliza tu, huku akitazama barabara, "Mtu akitaka kukosea kwa makusudi, anafanyaje wasimgundue?"

Nimefukuzwa darasani kwa upuuzi mara nyingi sana, na hakuna aliyewahi kunitaka niueleze. Nilieleza mpaka Gikondo. Nilimwambia asicheke yeye kwanza. Asikosee kidogo kidogo kwa woga, akosee kwa uhakika, kama mtu mwenye cheti ukutani. Wakimsahihisha asikubali mara moja, abishe, lakini abishe vibaya, ili wamshinde. Na wakimshinda ashangae kweli. Mama alisikiliza, akaniuliza maswali, akanitaka nirudie lile la kubisha. Mbele ya gereji tulikosea hesabu ya tatu na mbili hadi mafundi wawili wakaacha kazi kututazama.

Kesho yake nilikaa nje chini ya dirisha. Nilisikia vizibo vikimwagwa. Nikasikia wimbo. Nikasikia kimya, kilekile cha jana, kirefu, na kalamu.

Kisha sauti ya Mama. "Haya, nimeona hamjui. Nitawaambia mimi. Tatu na mbili ni sita."

Hakuna kitu.

"Ni sita," akasema tena, kwa sauti ileile aliyowaambia nayo wasichana wa darasa la nane miaka yote kwamba uzi hukatwa kwa mkasi na si kwa meno.

"Hapana, madamu." Nilimtambua kwa upepo uliopita kwenye pengo la meno.

"Mimi ni mwalimu. Nimesema sita."

"Ni tano, madamu."

"Wewe umesoma wapi?"

"Nyumbani."

"Basi njoo unioneshe hiyo tano ya nyumbani kwenu."

Nikasikia miguu midogo, ya mtoto mmoja, kisha ya wengi. Mama alihesabu, akaruka kizibo, wakapiga kelele. Akahesabu tena akakirudia kimoja, akaapa hajakirudia. Watoto wakaanza kucheka, na wakacheka kwa namna ambayo mimi huitafuta muhula mzima.

Sikupenda. Ni ajabu, lakini sikupenda. Nimechekwa maisha yangu yote na sijaumia, ila kukaa nje nikisikia watoto wa watu wakimcheka mama yangu, yule anayepiga pasi hata vitambaa vya sahani, kulinifanya nitake kuingia nikavute masikio. Nilishaanza kuinuka. Halafu katikati ya kelele zile nikasikia kicheko kingine, kizito, kinatokea puani, kinakatika na kuanza upya. Ilinichukua muda kujua ni cha Mama. Nilikaa chini tena.

Alipotoka mtandio ulikuwa umelegea na mikono ina chaki hadi kwenye kiwiko. Hakunitazama mara moja. Alinipa begi.

"Inspekta amesema nini?"

"Amesema nisibishane sana na watoto."

"Na darasa?"

"La kwanza B. Palepale shuleni kwangu." Alijifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, akakitumia kitambaa hichohicho machoni, akabaki na chaki kwenye nyusi. Sikumwambia.

Tukashika njia. Vumbi lilikuwa vilevile, ila alikuwa anatembea kando yangu badala ya mbele. Mbele kidogo akanigusa kiwiko.

"Hiyo ya kujumlisha nimeielewa," alisema. "Kwenye kutoa, mtu hukosea vipi?"

Nikafupisha hatua zangu zilingane na zake, nikaanza.