Kisigino cha Sylvère

Mwaka 1968, kila mvua iliponyesha Bujumbura, Sylvère, mtunza nyasi wa uwanja wa gofu, alivua viatu akakanyaga majani kwa kisigino. Shimo la kisigino likijaa maji, wachezaji waliruhusiwa kuokota mpira, kuufuta tope na kuurudisha palepale.

“Huo ni uvivu,” jaji mmoja aliyekuwa akicheza alinung’unika asubuhi moja. “Mpira uchezwe ulipoangukia.”

“Tope halijui nani fundi,” daktari aliyecheza naye akamjibu.

Wote wawili wakamgeukia Sylvère. Akakanyaga. Maji yakajaa.

“Apana, muzee,” akamwambia jaji taratibu. “Leo munaokota.”

Jaji, ambaye neno lake moja lilipeleka watu gerezani, akainama, akaokota mpira, akaufuta kwa shati lake jeupe.

Sylvère alirudi nyumbani, mtaa wa Kamenge, peku. Viatu alivisahau uwanjani.