Mwanne Aacha Maziwa ya Mama Mkwe

Mwanne alizaliwa Nyahanga, Kahama, katika nyumba ya watu wa sala. Baba yake aliuza kanga na vitenge, na maji ya udhu hayakukosekana kwenye birika hata miaka ya ukame. Alipoposwa na Maige, kijana wa Kisukuma aliyesilimu akaitwa Salehe, wazee walimwambia: "Nenda mwanetu, ukashike dini yako na adabu yako." Hakuna aliyemwambia kwamba viwili hivyo vinaweza kuvutana.

Mama mkwe wake, Mageni, hakuwa wa msikiti wala wa kanisa. Alikuwa mtu wa ng'ombe, mrefu, mkavu, mwenye maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa ya utani. Mwanne alipofikishwa pale kijijini na mikono yake laini, bibi yule alimtazama juu mpaka chini.

"Maige, umeoa au umeleta mgeni wa kulishwa?"

Watu wakacheka. Mwanne naye akacheka, machozi yakimlenga.

Lakini kulishwa, alilishwa. Mimba yake ya kwanza ilipoharibika, akalala hataki kula wala kusemeshwa, Mageni ndiye aliyekaa naye. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, akakitikisa, akammiminia kwenye kata.

"Kunywa, mayu," alisema, kwa jina lile Wasukuma wanalomwitia mama na binti pia. "Hata ng'ombe akitupa ndama, wenzake humlamba."

Akanywa. Maziwa mazito, yenye uchachu na harufu ya moshi. Maziwa mabichi tumbo lake halikuyaweza tangu utoto, lilifura kama ngoma. Haya yalishuka yakatulia. Akaendelea nayo mpaka rangi ikamrudi usoni. Na alipompata Sabiti, mwanawe, aliamini moyoni kwamba, baada ya Mungu, ni yale maziwa.

Sabiti alikuwa anatambaa, watu wameshahamishiwa kwenye vijiji vipya vya ujamaa, Mageni alipoteleza kisimani, kiganja kikavimba. Kazi ya kuosha vibuyu hakuwahi kumwachia mtu. Sasa akampa Mwanne kopo.

"Nenda zizini. Yule mweupe akiinua mkia, kinga."

"Nikinge nini, mama?"

"Mkojo. Kwani ulidhani vibuyu tunaviosha kwa maombi?"

Mwanne alimtazama usoni akitafuta utani. Hakuukuta. Mageni alimweleza taratibu, kama anayemfundisha mwali kupika: mkojo wa ng'ombe unasukwasukwa ndani ya kibuyu, unamwagwa, halafu kibuyu kinafukizwa moshi. Bila hivyo maziwa yanaoza, hayagandi. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake kabla ya hapo.

Mwanne akakinga. Aliviosha vyote, akavifukiza, kisha akaenda nyuma ya nyumba kujitapisha. Hakikutoka kitu.

Jioni ya kesho yake, kata ilipomfikia jua halijazama, alisema amefunga. Na kweli alikuwa amefunga, maana uongo hakuutaka. Lakini mtu hafungi maisha yake yote. Akaomba ruhusa akaenda Nyahanga kwa shangazi yake Mwanaidi, aliyemfundisha kusali.

"Ulipokuwa hujui, hukuwa na kosa, Mungu ni mwingi wa rehema," alisema shangazi. "Sasa unajua. Kwetu sisi mkojo ni najisi, uwe wa ng'ombe, uwe wa sultani. Lakini mwanangu, kuacha si kazi. Kazi ni kuacha bila kumvunja moyo aliyekupa."

Mumewe aliona jambo jepesi. "Sema tumbo limeyakataa. Si kweli linakufura?"

"Mabichi ndiyo, Baba Sabiti. Haya ya mama tumbo langu linayalilia."

"Basi mke wangu, lidanganye kidogo."

"Tumbo naweza kulidanganya. Mama je?"

Jioni ile alipiga magoti mbele ya Mageni, kabla kata haijajaa.

"Mama, mimi sitakunywa tena. Si leo tu."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ulinilisha nikawa mtu. Ila dini yangu inasema mkojo ni najisi, na vibuyu nimeviosha kwa mkono wangu. Nikinywa huku najua, nitasimamaje kwenye mswala?"

Zizini ng'ombe walikuwa wakicheua.

"Kwa hiyo siku zile nilikulisha uchafu."

Mwanne akainamisha kichwa, machozi yakadondokea kanga.

"Na Sabiti?" akauliza bibi, sauti ikiwa imeshuka. "Mjukuu wangu naye unaninyang'anya?"

"Hapana, mama. Sabiti nitamkamulia kwenye sufuria, anywe ya moto. Ng'ombe wako hawana kosa."

Mageni alijaza kata, akainywa yeye mwenyewe mpaka chini, akafuta mdomo kwa mgongo wa ule mkono mzima.

"Wakwe zangu wengine wasiotaka kitu wananiambia meno yanauma," alisema. "Ukoo mzima wa meno mabovu. Wewe umeniambia usoni." Akaiweka kata chini. "Imeniuma, mayu."

"Najua, mama."

"Na vibuyu? Mkono wangu bado."

"Nitaviosha. Mikono inasafishika kwa maji."

Akaviosha kwa namna ile ile ya wazee, na mkono wa Mageni ulipopona hakuiacha kazi. Akimaliza anajitwaharisha, anatia udhu, anasali. Maziwa hakuyaonja tena, ingawa kuna siku za njaa aliyaota.

Na miaka yote mpaka Mageni alipofariki, familia ikikaa kula jioni, bibi aliijaza kata akaisogeza kwa Mwanne kwanza, mbele ya wakwe wengine wote. Mwanne aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante mama, akampa aliyeketi karibu naye.