Ndugu kwa Mujibu wa Isipokuwa

Mdogo wangu ni mwanasheria wa serikali, na kama hujawahi kuishi nyumba moja na mwanasheria wa serikali, mshukuru Mungu. Ukimwambia chai imepoa, atakuuliza imepoa kiasi gani. Ukisema "watu wanasema", atataka kujua ni watu gani hao. Tunamwita Isipokuwa tangu utotoni, maana Mama alikuwa hawezi kutoa amri ikapita salama. Akisema hakuna kutoka nje, huyu hapa: "Isipokuwa kwenda kuanua nguo?" Akisema kila mtu aoge: "Isipokuwa mwenye mafua?" Mama anacheka hadi anashika mbavu, halafu adhabu tunakula wote wawili.

Tulilelewa pamoja. Mama yangu mzazi alikuwa jirani yao, tumepakana ukuta. Alipofariki mimi bado natambaa, na huyu mama akanichukua, akanilaza kitanda kimoja na binti yake mchanga, basi. Hakuna hakimu aliyeulizwa. Akaniita Chiriku, kwa sababu mdomo wangu haupumziki. Mwenzangu akaenda na vitabu vyake hadi chuo kikuu. Mimi vitabu vilinishinda mapema, nikashika cherehani, na sina kinyongo. Suti yake ya kwanza ya mahakamani nilimshonea mimi. Bega moja lilipanda kidogo. Aliivaa hivyo hivyo hadi ikachakaa, na mtu akilitazama sana lile bega alikuwa anamkata jicho.

Alianza kama mwendesha mashtaka kwenye mahakama ndogo ya wezi wa kuku na walevi waliopigana. Siku akishinda kesi ndiyo anarudi nyumbani amenuna. "Yule mzee kuku kaiba kweli, dada," ananiambia, "lakini ungemwona alivyokonda!" Basi wakamhamishia ofisi inayoandika sheria, na huko akatulia. Siku moja nilimpelekea gauni lake kazini. Nikakuta chumba kimejaa mafaili hadi dirishani, feni inalia juu, na watu wazima na suti zao wametoleana macho wakibishana kama iandikwe "na" au iandikwe "au". Nilidhani wananitania. Lakini aliponisindikiza nje akanieleza: "Dada, nikiandika kwamba nyumba inabaki kwa mjane au watoto, mahali pa mjane na watoto, kuna mtu atalala nje." Toka siku hiyo sikumcheka tena. Kidogo tu.

Mwishowe wakamfanya mshauri wa wizara ya afya. Mawaziri wanakuja na kuondoka, yeye yupo, anawaambia "hilo haliwezekani, mheshimiwa" kwa upole, kama anamnyima mtoto peremende.

Sasa, Mama akapata kiharusi. Tukamkimbiza hospitali kubwa, akapelekwa wodi ya mahututi. Mlangoni amekaa karani, uso mkavu.

"Nyinyi ni nani wake?"

"Wanawe," nikajibu kwa niaba yetu.

Akatazama vitambulisho, akaona majina ya baba hayafanani. "Wewe amekuzaa?"

Nikamgeukia mdogo wangu aniokoe. Hajui kusema uongo yule, hata wa kusalimia mgeni. Karani akanionyesha mwongozo uliobandikwa ukutani: wanaoruhusiwa kuingia ni ndugu wa damu pekee.

"Aliyeandika huu upuuzi," nikafoka, "ana mama kweli?"

Isipokuwa akainama. "Niliandika mimi, dada."

Kumbe zamani kulikuwa na matapeli wanajipenyeza wodini, wanajiita wapwa, wanawashikisha wagonjwa kalamu watie sahihi nyumba zao ziende. Akaambiwa azibe huo mwanya, naye akauziba. Mtu ambaye maisha yake yote ni isipokuwa, pale hakuweka hata moja! Nikamuuliza mimi alinisahau vipi.

"Sikukusahau," akasema, machozi yanamlengalenga. "Nilipoandika 'ndugu wa damu' nilijua wewe umo. Haikunijia kabisa kwamba wewe humo."

Ningemkumbatia pale pale, lakini nilikuwa na hasira. Nikamwambia apige simu. Mganga mkuu anamfahamu, neno moja tu naingia. Akakataa. "Nikikupigia wewe simu, yule asiye na wa kumpigia ataingiaje?" Jamani, nilimchukia! Daktari ameshasema Mama anaweza kutuacha saa yoyote, na huyu ananiletea habari za watu nisiowajua. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii.

Nikawa nashinda kwenye ngazi za nje ya wodi. Kila akitoka anakuja kunieleza: leo amefumbua macho, leo amekunywa uji, leo mkono umecheza. Namsikiliza nimempa kisogo, lakini sikio lote liko kwake. Naogopa nisije nikaagwa na mama yangu kwa kuhadithiwa.

Kumbe akitoka pale anakwenda wizarani kupigana. Wakubwa walimuuliza nani alikosea mara ya kwanza, akasema ni yeye mwenyewe. Katibu akamuuliza, kama ndugu si wa damu, ni nani basi? Mdogo wangu alikuwa amejiandaa kwa hoja za kutosha kuwalaza usingizi, zote akaziacha. Akasema: "Tumemuuliza kila mtu, isipokuwa mgonjwa. Anayeweza kusema, aulizwe." Wakabishana naye sana, lakini waziri akatia sahihi. Ndugu, kwa mgonjwa anayeweza kusema, ni yule aliyemtaja mwenyewe mbele ya nesi.

Mwongozo mpya ulipobandikwa, karani aliingia na nesi kumuuliza Mama. Ulimi wake ulikuwa mzito lakini akili zote anazo. Karani akatoka na karatasi yake.

"Chiriku ndiyo nani?"

"Mimi!" nikaruka, nusura nidondoke ngazi.

"Pita."

Isipokuwa naye akachukua mkoba wake anifuate. Karani akanyoosha mkono. "Wewe hujatajwa."

"Mimi ni mwanawe! Si naingia kila siku?"

"Ilikuwa zamani, mheshimiwa. Sasa hivi ni aliyetajwa. Nilimuuliza kama kuna mwingine, akasema nimwache apumzike."

Loo! Ungeiona sura yake! Mwanasheria mzima, kafunga mlango mara mbili kwa kalamu yake mwenyewe, kwanza kwangu, sasa kwake. Nikacheka hadi nesi akatoka kunikemea. Nikamwambia karani aache mambo yake, huyu ni mtoto wa yule mama. Lakini mdogo wangu akanishika bega. "Mwongozo ni mwongozo," akasema, naye anacheka na kulia kwa pamoja. "Nenda, dada. Nenda kwa Mama." Akavua viatu, akakaa pale kwenye ngazi.

Nikaingia. Mama alikuwa amepungua, mdomo umekwenda upande. Nikaushika mkono wake, na mimi ninayeitwa Chiriku nikawa nanyoosha shuka tu. Akaanza yeye, polepole.

"Mwenzio kila siku ananiambia uko kwenye ngazi. Ngazi gani hizo zisizokwisha?"

"Walinizuia, Mama. Walisema mimi si ndugu yako."

Akanikazia lile jicho lililobaki zima, kama anavyotukazia tangu tukiwa wadogo.

"Mjinga gani aliyesema hivyo?"

Kupitia kioo cha mlango nilimwona mdogo wangu kwa mgongo, miguu mitupu, anajifuta macho kwa kiganja.

"Simjui, Mama," nikasema. "Hata sura yake siikumbuki."