Unga Niliompimia Bi Tatu Mara ya Mwisho

Ipo siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kila nionapo pakiti za keto, hivyo vyakula vya kukwepa wanga, mwanangu, na siku hizi nikishuka Mikumi naziona kila duka. Unga wa keto, mkate wa keto, biskuti za keto tamu kuliko keki ya harusi, na juu yake imeandikwa hakuna wanga, hakuna sukari. Nazitazama nachoka. Ningenyamaza kama wazee wenzangu, lakini hili silinyamazii, kwa sababu nililifanya kabla yenu ninyi wauzaji wa leo.

Nilikuwa nauza unga sokoni Kilosa, kando ya mama yangu aliyeuza nyanya chungu. Ulezi niliununua kwa wakulima wa Chanzuru, nikausaga pamoja na makopa ya muhogo. Kuchanganya kwetu si aibu. Mama gani wa huku hajatia muhogo kwenye unga wake ili ugali ulainike na chakula kitoshe watu? Kosa langu lilianza niliposikia zahanati inawaambia wenye kisukari wapunguze ugali. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika kwenye mifuko: Unga wa wagonjwa wa sukari, shiba bila hofu. Nani aliniambia hivyo? Hakuna. Ulezi wenyewe una wanga, muhogo ndio usiseme, nami sikumwuliza mtu. Niliona mifuko inatoka haraka, nikajiona mjanja.

Aliyenunua sana kwangu ni mama mmoja wa Munisagara, Bi Tatu. Mumewe, Mzee Ramadhani, alikuwa amestaafu kazi ya kutengeneza njia ya reli, na sukari ilimpata uzeeni. Mganga wa zahanati alimwamuru ale nusu sahani, naye alitii, ingawa kwa mtu aliyezoea kubeba mataruma, yale magogo ya kulaza reli, nusu sahani ni adhabu. Alipopata unga wangu akarudi kushiba. Bi Tatu aliniambia mzee sasa anakula huku anatania watu kama zamani. Safari moja akaniletea kuku, zawadi kutoka kwa mumewe. Kuku yule tulimla nyumbani kwetu, mwanangu, tukasifu na mchuzi.

Msimu uliofuata Bi Tatu alikuja amekonda. Nilimwamkia, akaitika, akakaa juu ya gunia langu bila kukaribishwa. Akasema Mzee Ramadhani amekatwa mguu. Kidonda kilikataa kupona, sukari ilikuwa juu muda mrefu bila wao kujua, na macho nayo yalikuwa yanafifia.

"Kwa hiyo leo nipimie mwingi," akaniambia. "Nimewakataza wanangu wasimpikie kitu kingine. Ale huu wako tu."

Hapo nilijua. Kwa umri huu sina sababu ya kujidanganya. Nilijua kabisa, na mkono wangu ukachota unga, nikampimia, nikamfungia vizuri. Akanishukuru na kunitakia heri, akaenda zake stesheni.

Mama yangu aliona yote. Hakupandisha sauti, wala hakuacha kupanga nyanya chungu zake.

"Huko nyuma hukujua, sawa," alisema. "Leo umejua. Mfuate."

"Nitamwambia nini, mama?"

"Kilichomo ndani ya mfuko."

Nilipanda treni iliyofuata. Nilimkuta Mzee Ramadhani amekaa mkekani barazani, bakuli la ugali wangu mbele yake. Nikapiga magoti nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaniambia, "Karibu chakula, binti." Alinikaribisha kwa unga wangu mwenyewe. Nikawaeleza wote wawili, kila kitu, muhogo na kalamu ya wino na ujinga wangu. Bi Tatu aliinuka akaenda uani, na nilimsikia akilia huko.

Mzee alinawa mkono polepole kabla ya kusema.

"Nilikuwa nakula nusu sahani," akasema. "Njaa ile ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeizoea. Wewe ndiye uliyeniambia nishibe."

Afadhali angenitukana. Masika yalipoingia hakuwapo tena duniani. Hakuna daktari atakayesema ni unga wangu peke yake uliomwondoa, na mimi siwezi kusema haukuhusika. Nimeishi na hilo miaka mingi, na kwa kweli limenichosha kuliko jembe.

Sasa juzi mjukuu wangu Zaituni, anayewauzia abiria wa mabasi pale Mikumi, kaniletea pakiti yake nimsifu. Pakiti nzuri, ina picha ya nazi na karanga, na maandishi makubwa: Hakuna wanga, salama kwa sukari. Mimi nimekaa na mashine za kusaga maisha yangu yote. Nikamwuliza amewezaje kusaga karanga na nazi kavu zisigande.

"Ni kweli zinaganda, bibi, zina mafuta," akanijibu. "Fundi anatia makopa kidogo ili zipite."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha mashine kukubali."

Nikamwuliza mbona hajaandika. Akasema wote wanaandika hivyo hivyo, na basi likisimama abiria hana nafasi ya kusomasoma. Nikamwuliza wanunuzi wake wakubwa ni akina nani. Nilidhani atasema vijana wa Dar wanaotaka kupunguza matumbo. Akatazama chini.

"Wenye sukari, bibi."

Zaituni si mwizi, na wewe unayenisikiliza huenda si mwizi. Ndiyo maana nawaogopea. Mwizi angejificha, lakini ninyi mnauza mchana kweupe mkiamini mnasaidia watu.

Basi shika haya, mwanangu. Changanya ukitaka, lakini andika ulichochanganya, hata kama mwenzako wa duka la pili haandiki. Usipojua kitu, sema hujui. Neno salama usiliandike kwa mtu ambaye hujampima damu, na akikuuliza kama aache dawa kwa sababu ya unga wako, mrudishe kliniki siku hiyo hiyo. Nawe unayenunua, keto au isiwe keto, uliza imesagwa na nini, na usiache kupima sukari kwa sababu karatasi imekutuliza. Na kama umeshakosea, usingoje mteja arudi. Mfuate mwenyewe, wakati bado anaweza kukusikia na mwili wake bado una la kufanya na ukweli wako. Mimi nilichelewa kwa mguu mmoja na macho mawili.

Nenda kazini kwako na amani. Mungu aibariki mikono yako, akupe afya na biashara ya kukulea hadi uzeeni. Akuletee mteja mwenye maswali mengi, na akupe ulimi wa kumjibu kabla hajala.