Mkanda Aliouvuta Bibi

Bibi hakuwahi kuomba ruhusa ndani ya nyumba yake, na hakuanza siku tatu baada ya kumzika mwanawe.

Mjukuu wake alikuwa akisomea upigaji picha chuo kikuu, katika mwaka ule wa msingi ambao usipoufaulu huingii mwaka wa kwanza. Kazi yake ya mwisho ilikuwa mkanda mmoja wa filamu, wote picha za mama yake kitandani, tangu homa ilipoanza hadi siku aliyokata kauli. Aliuweka mezani akaenda kuoga.

"Bibi, usiuguse. Bado haujatiwa dawa ya kusafishia picha."

"Nimeshika makaa ya moto mimi, sembuse utepe!"

Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bibi akauvuta mkanda wote, akauinua dirishani penye jua ili amwone mwanawe. Hakuona kitu.

"Hicho chuo chenu kinawadanganya," akamwambia mjukuu alipotoka bafuni. "Humu hamna mtu."

Msichana akakaa sakafuni. "Alikuwemo, Bibi. Jua limemfuta."

Bibi akatafuta viatu vyake. "Inuka twende kwa mwalimu wako. Kosa langu simtwishi mtu."

Mwalimu aliwasikiliza, akawapa pole, akasema mwaka utarudiwa.

Njiani mjukuu alimuuliza kama amechoka. Bibi akasema hajachoka, ila aambiwe, katika ile picha ya mwisho, mwanawe alikuwa akitazama wapi.