Wanasema Nimechukua Walinzi wa Mtoto Wao

Wasomaji wenzangu, naandika nikiwa mjini nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Ngokolo, na mhariri ameniahidi kulificha jina langu. Nina miaka thelathini na miwili, ni mwalimu wa chuo kikuu. Kazi yangu ni kuchunguza bakteria waishio tumboni na jinsi wanavyousaidia mwili kupigana na maradhi.

Mwaka huu nilikwenda kijijini kwetu, upande wa Bugarama, kuchukua choo cha watoto nikakipime. Watu walisita. Kwetu mtu akiokota hata unywele wako unajiuliza anaupeleka wapi, sembuse choo cha mtoto! Mama yangu mzazi ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaomba, "Mpeni mwanangu, anatafuta dawa ya kuhara." Kwa heshima yake wakanipa, cha kila mtoto katika kichupa chake.

Nikiwa nimesharudi chuoni, Masanja, mtoto wa jirani yetu, akaugua surua akafa. Nilipokwenda kuhani, baba yake hakunipa mkono. Akaniuliza mbele ya waombolezaji, "Mle kichupani ulichukua nini cha mwanangu?" Nami, kwa kudhani elimu itaniokoa, nikamweleza kwamba tumboni mna vijidudu, na vingine ni kama walinzi, huufundisha mwili kujikinga.

Akanitazama. "Kwa hiyo walinzi wa mwanangu uliwachukua wewe."

Niliapa kwamba choo kikishatoka hakimpunguzii mtoto kitu.

Tangu hapo mama hasalimiwi kisimani. Wamemwambia mavuno yakiisha kabla kichupa hakijarudi, yeye ndiye atakayejibu. Na kwetu bibi kizee akiambiwa atajibu, sote tunajua ni panga. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe anaogopa kusema.

Kichupa hakipo, tulikichoma baada ya kupima. Nikipeleka kingine, nitakuwa nimekiri kwamba kichupani mle mlikuwa na uhai wa mtoto.

"Mayu, twende mjini," nilimlilia mama.

"Nikikimbia watasema ni kweli," akanijibu. "Kaka zako na watoto wao wataishi wapi na jina hilo la uchawi?"

Sasa kila basi la kutoka Kahama, upande wa kijijini kwetu, likisimama, natoka kutazama. Naogopa atakayeshuka na habari. Mahindi yameanza kukauka. Nimtoe mama kwa nguvu, nipeleke kichupa cha uongo, au nirudi nikakae naye? Ninyi mliolelewa na mama, nishaurini. Nifanye lipi angali hai?