Ndoo ya Kipanga

Kazi yangu ni kupunga mikono. Nasimama chini ya kreni, redio ya mkononi mdomoni, nampa ishara dereva aliye juu: shusha, simamisha, zungusha kushoto. Dereva mwenyewe ana miaka ishirini na minane, na pale kwenye ujenzi wote tunamwita Kipanga, kwa sababu alikuwa akishapanda kwenye kibanda chake asubuhi hatumwoni tena mpaka jioni. Mimi ananiita dada, ingawa hatukuzaliwa nyumba moja.

Miaka miwili mizima Kipanga aliishi kwa ndoo. Kushuka ngazi ni robo saa, kupanda ni zaidi, na kreni ikisimama jengo zima linasimama. Basi akawa anateremsha kamba yenye ndoo, nasi tunaijaza. Mafundi wa zege waliweka soda mbili ili mzigo wao utangulie. Wachomeleaji wakaongeza keki. Waashi, wasije wakapitwa, wakaleta chipsi. Maji hakuna aliyepeleka, na mwenyewe hakuyataka, maana choo kiko chini. Mimi ndiye niliyekuwa napanga vitu vyote humo, soda chini, chipsi juu, huku najisifu moyoni kwamba namtunza mdogo wangu.

Mwaka huu madereva wa mitambo walipopimwa afya, Kipanga alirudi na karatasi mkononi, uso umemshuka. Presha mia na hamsini na mbili kwa tisini na sita. Sukari nayo ilikuwa imeanza kupanda. Daktari alimpa miezi mitatu abadilishe ulaji. Presha isiposhuka, atashuka yeye, na kreni hapandi tena.

"Dada, mimi sijui kazi nyingine," aliniambia. Mama yake na wadogo zake wawili wanaitegemea kreni ile ile.

Nilijisikia vibaya, sitaficha. "Nisamehe. Mimi ndiye niliyekuwa nakujazia ndoo."

"Mvuta kamba nilikuwa mimi," akajibu.

Kesho yake asubuhi, kabla watu hawajavaa kofia, nikatangaza. "Kuanzia leo soda hazipandi. Kipanga atashuka saa sita na nusu, atakula kama watu, ndipo arudi juu."

Fundi mkuu wa zege, mtu mfupi mwenye sauti ya spika, akaruka. "Dada, zege litaganda!"

"Likiganda utalivunja kwa nyundo. Moyo wa mtu ukisimama, utaugonga na nini?"

Msimamizi alikuna kidevu, akasema haya, tujaribu.

Wiki ya kwanza ilikuwa kasheshe. Kipanga alikuja na bakuli la maharage aliyoyapika mwenyewe, magumu kama kokoto, na mboga za majani zilizoungua. Alitafuna kwa hasira. Kichwa kilimuuma kwa kukosa soda, na redioni akawa ananijibu kwa mkato. Wiki ya tatu nikaona kamba inateremka kimya kimya nyuma ya nguzo, na fundi wa zege ananyata na mfuko wa chipsi. Nikashika redio.

"Kipanga, pandisha ndoo."

"Dada, ni kidogo tu."

"Ipandishe tupu, au nampigia mama yako sasa hivi."

Ndoo ikapanda tupu. Zile chipsi nikazila mimi, hapo hapo, fundi wa zege ananitazama.

Baada ya siku hiyo mambo yakaanza kunyooka. Alijifunza kuloweka maharage kabla ya kuyapika. Akawa anapanda na chupa ya maji na ndizi mbili, na zile ngazi za mchana, chini na juu, zikamtoa jasho kila siku. Mkanda wa usalama ukarudi matundu mawili. Hata fundi wa zege, aliyekuwa akinuna, alinivuta pembeni siku moja kuniuliza maharage yanalowekwa saa ngapi.

Siku ya kupimwa tena nilimsindikiza. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu aamke, kwa woga. Mlango wa chumba cha daktari haukufungwa vizuri, nikasikia: "Mia na arobaini na nane."

Miezi mitatu yote, bure! Nikamkasirikia daktari, nikaikasirikia mashine yake, na hata benchi nililokalia.

"Umekuja mbio?" daktari akauliza.

"Nimepanda ngazi zenu mbio. Nilidhani nimechelewa."

"Basi kaa. Tulia. Usiongee."

Zilipita dakika kumi. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani, moja moja, na nadhani presha yangu ndiyo iliyokuwa ya kupimwa wakati ule. Kisha nikasikia sauti ya daktari tena: "Mia na ishirini na sita kwa themanini. Sukari pia iko sawa." Na mhuri ukagonga karatasi.

Kipanga alitoka, akakaa kando yangu kwenye benchi, akashusha pumzi ndefu. Alinipa karatasi niisome mwenyewe. Nikaisoma mara mbili.

"Dada," akasema, "nina njaa."

Nilimpa bakuli langu lote, wali na mayai ya kuchemsha niliyobeba kwa ajili ya mchana. Alikula taratibu. Nikamtazama akila, nikalia, wala sikujali nani ananiona.